Mwalimu wa Majina ya Mwili

Siku ya kwanza ya somo la mwili wa binadamu, mwalimu wetu, Madamu kama tulivyomwita, aliingia darasani amevaa koti jeupe la zamani, lile ambalo wauguzi huvaa juu ya nguo zao. Alisimama mbele yetu, akatoa kipande cha makala, yaani mkaa, mfukoni, akaanza kujichora. Alivuta mstari kutoka katikati ya mtulinga wa kuume, ule mfupa ulio chini ya shingo, mpaka chini kwenye kinena. Akavuta mwingine upande wa kushoto. Kisha akaikata mistari hiyo kwa mingine ya kulala, mmoja chini ya mbavu, mwingine usawa wa nyonga. Alipomaliza, tumbo lake lilikuwa limegawanyika kama viwanja vilivyopimwa na serikali.

Hakuna aliyecheka. Hatukujua kama ilikuwa ruhusa.

“Hii njo tumbo,” akasema. “Iko na vyumba tisa. Mugonjwa akikuja, hamutaniandikia ‘tumbo inauma’. Mutaniandikia chumba gani.”

Shule yetu ya uuguzi, pale Kamina, mji wa reli wa Katanga, wakati ule haikuwa na sanamu ya mwili wala picha kubwa za ukutani. Tulikuwa na ubao, chaki, na kitabu cha Kifaransa kilichopita mikononi mwa wanafunzi wengi hata kurasa zake zikawa laini kama kitambaa. Mwalimu hakuwahi kulalamika mbele yetu. Alijichora. Tukiwa kwenye kifua alijichora kifua, tukiwa kwenye mkono alipandisha nguo na kujichora mkono. Somo la mgongo lilipofika alimpa makala mwanafunzi aliyekaa mbele, akatugeuzia mgongo, akamwelekeza wapi apite. Jioni alilifua lile koti, lakini makala hayatoki upesi, na siku nyingine alikuja na kivuli cha mbavu za juzi kikiwa bado kinaonekana.

Mimi nilikuwa msichana wa kambi ya reli. Baba yangu alifanya kazi ya kugeuza njia za treni pale stesheni, na majirani zetu walikuwa watu wa kila pembe, walioletwa Kamina na reli na kubaki. Nyumbani tulisema Kiswahili, shuleni Kifaransa. Kiluba, ambacho ndicho lugha ya wenyeji, nilikijua cha sokoni tu: kusalimia, kuuliza unga, kushukuru. Nilipoingia shule ya uuguzi sikuona kama hilo lilikuwa pengo. Niliamini kwamba kazi ngumu ingekuwa yale maneno makubwa ya kitabuni.

Na kweli yalikuwa magumu. Ile sehemu iliyo chini ya mfupa wa kifua, juu ya kitovu, Kifaransa chake cha kitabuni ni épigastre. Pande zake mbili, chini ya mbavu, ni hypocondre. Vyumba vya chini vya pembeni, karibu na mfupa wa nyonga, ni fosse iliaque. Niliyakariri nikiteka maji, nikisonga bukari, ugali wetu, nikitembea kandokando ya reli kwenda shuleni. Nilikuwa mwepesi wa kukariri, na nilijivuna kidogo.

Siku nilipoitwa mbele mara ya kwanza, mwalimu aliniomba nimwonyeshe hypocondre ya kuume. Niliweka kidole bila kusita.

“Kuume ya nani?” akauliza.

Nilikuwa nimeonyesha upande ulioelekea mkono wangu mimi wa kuume, na kwa kuwa tulitazamana, ulikuwa upande wake wa kushoto. Darasa lote liliguna. Yeye hakunidhihaki. Alinishika mabega, akanigeuza mpaka mgongo wangu ukawa kwake, akasimama nyuma yangu, akaniambia niinue mkono wa kuume, naye akainua wake. Kisha akatoa somo ambalo sijalisahau: muuguzi anapomtazama mgonjwa anaacha kuume kwake mwenyewe mlangoni. Kuanzia pale ni kuume kwa mgonjwa tu, hata kama mgonjwa amelala, hata kama amepinduka.

Lakini Kifaransa kwake kilikuwa theluthi ya jibu. Ukishataja jina la kitabuni aliuliza, mama yako nyumbani anapaitaje hapa? Ukijibu hilo, akauliza tena: na bibi anayetoka Mulongo, kule kwenye mabwawa ya samaki, ambaye hajui Kifaransa wala Kiswahili, yeye atasemaje? Usipojua, ulibaki umesimama. Haikuwa adhabu. Ulisimama ili wenzako wakuone unahitaji neno, na mwenye nalo akupe. Siku fulani tulikuwa wengi tuliosimama kuliko tuliokaa, naye akatembea katikati yetu kwa utulivu kama mtu anayepita kwenye mahindi yake.

Wakati mwingine hakuna aliyekuwa na neno. Ndipo alipotutuma nyumbani kuuliza. Nakumbuka jioni ya ile sehemu ya nyuma ya goti, pale panapokunjika. Nilimuuliza baba, aliyekuwa anavua viatu vya kazi. Alipatazama mahali penyewe kwa muda, akasema ametembea juu ya mataruma ya reli tangu ujana na hakuwahi kuhitaji kupaita. Mama akasema ni pale panapotoka jasho ukichutama. Jirani aliyekuja kuomba moto akasema kwao pana jina, akalitaja. Jirani mwingine akasikia kupitia uani, akaja kubisha kwamba jina hilo ni la mahali pengine, pa chini zaidi. Muda si mrefu uwanja wetu ulijaa watu wazima waliokunja miguu, wakishikana nyuma ya magoti na kubishana kwa lugha nne. Baba alicheka mpaka akafuta macho. Kesho yake nilikwenda darasani na majina mengi kuliko niliyotumwa, na mwalimu aliyapokea yote, moja baada ya jingine, akirudia kila moja kwa sauti mpaka nikamwambia amelitamka sawa.

Sijawahi kumwona mwalimu mwingine aliyekubali kusahihishwa matamshi na mwanafunzi wake mbele ya darasa zima, tena akafurahi.

Katika darasa letu alikuwamo msichana wa Mulongo, mtoto wa wavuvi. Alikuwa amefika Kamina akiwa na Kiluba kamili, Kiswahili cha kuokoteza na Kifaransa kilichomtoka neno moja moja. Wiki za kwanza hakufungua mdomo. Wengine walimsema chini kwa chini kwamba amepotea njia, mahali pake ni kwenye mtumbwi. Mwalimu aliyasikia, nina hakika, lakini hakumtetea kwa maneno. Alifanya jambo jingine. Alitupanga wawili wawili, akaniweka mimi naye, akasema kwamba kila mmoja atapewa alama za mwenzake: mimi za Kiluba changu zitakwenda kwake, yeye za Kifaransa chake zitakuja kwangu.

Niliona nimeonewa. Nilikwenda kwa yule msichana kama mtu anayebeba mzigo wa mwenzake. Haikuchukua muda nikagundua nani alikuwa mzigo. Yeye maneno ya Kifaransa yalimkaa upesi kwa sababu alikuwa na mahali pa kuyaweka: alikuwa amechana samaki tangu utoto, amemsaidia mama yake kuzalisha wanawake wa kijijini, alijua kwa mikono yake ini linakaa wapi na nyongo iko chini ya nini. Mimi nilikuwa na majina tu. Tulikaa baada ya masomo nyuma ya jengo la shule, yeye akigusa bega langu, kisogo changu, mbavu zangu, akisema neno la Kiluba, mimi nikisema la Kifaransa, na pole pole tukawa marafiki.

Ni yeye aliyeanzisha mjadala mkubwa wa mwaka ule. Siku moja mwalimu aliuliza moyo ni nini kwa Kiluba. Rafiki yangu akasimama akasema: mutyima. Mwalimu akamwomba aonyeshe. Badala ya kugusa kifua upande wa kushoto, aliweka vidole chini kabisa ya mfupa wa kifua, pale kwenye épigastre. Darasa likavuma kwamba amekosea. Yeye akakaa haraka, akainamisha kichwa.

Mwalimu alituacha tumalize kelele. Kisha akasema, “Hakukosea. Bagonjwa benyi bakisema moyo inaniuma, banagusa pale. Weye ukisikia moyo, ukakimbilia kifua, utamupatia dawa ya moyo, na muntu iko na kidonda mu tumbo.”

Akatuambia kwamba hata Kiswahili cha watu wa pwani kinalo jina lake kwa mahali hapo, chembe cha moyo, na halina uhusiano na moyo unaodunda. Kisha, jambo ambalo hakuwa akifanya mara nyingi, akasema kidogo juu yake mwenyewe. Kwao Kasai, alisema, neno hilo moyo ni salamu. Watu wakikutana njiani wanaambiana moyo, yaani uzima, na anayesalimiwa anarudisha. Kwa hiyo kabla hujamtibu mtu anayesema moyo, muulize ametoka wapi, kisha mwombe akuonyeshe kwa kidole chake. Nilimtazama rafiki yangu. Alikuwa ameinua kichwa.

Ilikuwa katika majira ya mvua, mwaka wetu wa pili, tulipoona mwalimu amekaa kwenye kiti darasani. Hakuwa na tabia ya kukaa. Alifundisha kwa sauti ya chini, mkono mmoja ukiwa juu ya chembe, na saa ya mapumziko hakula. Alisema ni malaria inamtembelea, ameshameza dawa. Asubuhi iliyofuata hakuja.

Mimi na rafiki yangu tulitumwa nyumbani kwake. Alikuwa mjane, watoto wake walikuwa wakisoma mbali, na tulimkuta peke yake kitandani, amelala chali, mguu wa kuume ameukunja. Uso wake ulikuwa wa majivu. Pembeni palikuwa na beseni, alikuwa ametapika. Rafiki yangu alianza mara moja kutafuta nguo za kumvalisha ili tumpeleke hospitali. Mwalimu akainua mkono.

“Kwanza munipime,” akasema. “Kule bataniuliza, na minyi nitakuwa nimechoka. Munganga atauliza ninyi.”

Nilikuwa nimewahi kugusa wenzangu darasani, watu wazima wa afya waliokuwa wakijizuia kucheka. Sikuwa nimewahi kugusa maumivu. Nilipiga magoti kando ya kitanda. Akaniambia nipashe mikono moto kwa kuisugua, nianze mbali na mahali panapouma, na nitazame uso wake, nisitazame mkono wangu.

Nilianza kushoto, chini. Uso wake ulitulia. Nikapanda, nikapita juu chini ya mbavu, nikashuka katikati kwenye kitovu. Alikunja nyusi kidogo. Nikashuka upande wa kuume, karibu na mfupa wa nyonga, na kabla sijabonyeza vizuri tumbo lake likakaza chini ya vidole vyangu kama ubao. Nikaondoa mkono ghafla kwa hofu. Ndipo alipotoa sauti, akashika godoro. Kuachia kulimuuma kuliko kubonyeza.

Nikasema, “Madamu, ni tumbo, chini, ku kuume.”

Alifumba macho. Nilidhani amezimia. Kumbe alikuwa ananisubiri.

“Chumba gani?” akanong’ona.

“Fosse iliaque ya kuume.”

“Kuume ya nani?”

“Yako, Madamu.”

Midomo yake ilivutika, karibu atabasamu. Kisha akamgeukia rafiki yangu, akamuuliza kwa Kiluba maumivu yalianzia wapi. Rafiki yangu alijibu kwa Kiluba, sentensi ndefu, akieleza kwamba maumivu yalianza jana kwenye chembe, yakazunguka kitovu, na usiku yakahamia chini kuume na kukaa hapo. Mimi sikuwa nimewaza kuuliza yalianza wapi. Yeye alikuwa ameyakumbuka ya jana darasani: ule mkono uliokuwa juu ya chembe, na ya usiku alikuwa amemuuliza mwalimu nilipokuwa nikisugua mikono.

Jirani wa mwalimu alikuwa na mkokoteni wa kubebea magunia. Tuliweka godoro juu yake, tukamlaza, tukamfunika kwa kitenge. Pikipiki ingefika upesi zaidi, lakini kwa tumbo lile kila shimo la barabara lingekuwa kisu, na mashimo ya mvua yalikuwa mengi. Jirani alivuta, sisi tukashika pande zote mbili tukiinua magurudumu kila tulipokuta dimbwi. Watu walisimama kando ya njia wakiuliza nani huyo. Wengine aliwahi kuwapokelea watoto wao wakizaliwa, wakamtambua, wakaja kusukuma nasi. Yeye aliwasalimia kwa mkono, kila mmoja. Nakumbuka hilo kuliko yote ya safari ile: kwamba akiwa katika hali hiyo hakuacha salamu ya mtu ipite bure.

Hospitalini daktari alikuwa kijana, ametoka tu chumba cha upasuaji, jasho bado likiwa usoni. Alitaka kumhoji mwalimu, lakini yeye alitikisa kichwa akatuonyesha sisi. Rafiki yangu akanisukuma mgongoni. Nikaanza kwa Kifaransa: maumivu yalipoanzia, yalikopita, yalipo sasa, tumbo limekaza wapi, kuachia kunauma namna gani. Nilipokwama, rafiki yangu alinong’ona neno nami nikalisema. Daktari alisikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Kisha akamchunguza mwenyewe, taratibu, kwa mikono iliyojua kazi, na kwa mpangilio uleule tuliofundishwa, akianzia mbali. Alipomaliza alimwambia mwalimu kwamba ni kidole cha utumbo kimevimba, na kwamba hawezi kungoja hata kesho.

“Basi usingoje,” mwalimu akamjibu. “Hawa watabakia nje. Ukimaliza, uwaelezee.”

Tulikaa kwenye baraza pamoja na wenzetu wa darasa waliokuja mmoja mmoja habari ilipowafikia. Mvua ilinyesha ikaacha. Rafiki yangu aliomba kwa Kiluba kwa sauti ndogo, nami nikagundua kwamba sasa naelewa karibu yote aliyokuwa anamwambia Mungu. Alimtajia mahali penyewe panapouma, kwa jina lake kamili, asije akakosea.

Daktari alitoka akatuambia kwamba amewahi. Kile kidole kingekaa kidogo zaidi kingepasuka. Na kama alivyoagizwa, alitueleza kila kitu: alikata wapi, alikuta nini, ameshona vipi. Alituchukulia kama watu wa kazi yake. Alikuwa amechoka sana, na angeweza kutupita tu.

Mwalimu alilala wodini kwa muda. Tulipokezana kumlinda na kumletea uji. Kitanda cha jirani kilikuwa na bibi mmoja wa mabwawani aliyevunjika mguu, na tulipofika siku ya tatu tuliwakuta wawili hao wamekuwa kama dada. Bibi alikuwa akimpa mwalimu majina ya sehemu za mguu, kutoka nyonga hadi unyayo, na mwalimu, akiwa bado hawezi kuinuka, alikuwa akiyarudia akitazama dari. Bibi alikuwa mkali. Alimrudisha nyuma kila alipokosea sauti.

Jioni moja nilibaki naye mimi peke yangu, nikamuuliza jambo ambalo wote tulikuwa tukijiuliza. Kwa nini mtu wa Kasai, ambaye watu wake walifukuzwa hapa zamani, ajisumbue hivyo na Kiluba?

Hakukasirika. Aliniambia kwamba alizaliwa hapa Kamina, baba yake akiwa karani. Katika miaka ile ya mwanzo wa tisini, watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, wao pia waliacha nyumba na kwenda kungoja treni stesheni, na treni hazikuja upesi. Walilala juu ya mizigo, familia kwa familia. Yeye alikuwa mtoto, akashikwa na homa. Mama yake alikuwa amekwenda kutafuta maji. Akaja mwanamke wa hapa, Muluba, akainama, akamuuliza kitu kwa Kiluba. Akamuuliza tena, polepole.

“Alikuwa ananiuliza naumwa wapi,” mwalimu akasema. “Ile nilikuja kujua kisha, nyuma ya miaka mingi. Siku ile sikusikia kitu. Nilimuangalia tu. Njo akaanza kunigusa: kichwa, shingo, tumbo, miguu, pole pole, mpaka alipofika pale nilipolia.”

Mwanamke yule alikwenda akarudi na maji na kitambaa, akakaa naye mpaka mama yake alipokuja. Kisha akaondoka, na hawakuonana tena. Nilimwambia mwalimu kwamba basi alirudi Kamina kwa ajili ya mwanamke yule. Alitikisa kichwa. Hakupenda hadithi ipambwe.

“Nilirudi juu ya kazi, na juu bwana yangu alikuwa muntu wa hapa. Lakini Kiluba nilijifunza juu ya ule mwanamuke.”

Baba yangu alikuwa kazini stesheni miaka hiyo. Mara nyingi alikuwa ameanza kutusimulia na kuishia njiani. Niliinua kikombe nikamnywesha uji uliobaki.

Alirudi darasani kabla ya wakati aliopewa, akiwa amekonda, na kazi ya kwanza aliyotupa ilikuwa kueleza kwa maandishi kwa nini muuguzi mwenye ujuzi wake alisema ni malaria. Alitaka tuandike bila huruma. Rafiki yangu aliandika kwa Kifaransa kizuri kuliko cha wengi wetu kwamba mwenye maumivu hawezi kusimama mbele yake mwenyewe na kujitazama usoni. Mwalimu alisoma sentensi hiyo kwa sauti, kisha akaisoma tena.

Tulimaliza shule. Rafiki yangu alirudi Mulongo na sasa ni mkunga. Mtandao ukikubali hunitumia sauti yake kwa simu, nyuma yake bata na watoto wakipiga kelele. Mimi nilipata kazi Luena, mji wa reli na makaa ya mawe ya zamani, katika kituo kidogo cha afya kilicho karibu na njia ya treni. Watu wa Luena wana Kiswahili chao na mchanganyiko wao, na miezi ya kwanza nilitoka kazini kichwa kikiniuma kwa kuuliza.

Mwaka jana mwalimu alikuja huku kukagua wanafunzi wake walio kwenye mazoezi. Hakunipa habari. Asubuhi ile nilikuwa na wagonjwa wengi, nikiita mmoja baada ya mwingine bila kuinua macho. Kwenye benchi la nje akina mama walikuwa wakizungumza na kucheka, na katikati ya kazi nilisikia kicheko kimoja nilichokijua, lakini sikuamini. Niliendelea. Kumbe alikuwa ameketi nao tangu kufungua. Mama mmoja alimdhani ni mgonjwa, akamsogezea nafasi, naye akaishika foleni kama kila mtu, akisikiliza jinsi watu wa Luena wanavyosimuliana panapowauma.

Nilipoita anayefuata, aliingia yeye. Niliinuka haraka hata kiti kikaanguka. Alikiokota, akakiweka mahali pake, akakaa kwenye kiti cha mgonjwa.

“Siumwi,” akasema. “Lakini bale bamama banasema neno moja, minyi sijalisikia hata siku moja. Uite mwenye kulisema, tumuulize.”

Nilitoka barazani kumwita yule mama. Wagonjwa waliobaki walinitazama kwa mashaka wakidhani kuna mtu amepita foleni, na ilinibidi niwaeleze yule bibi ni nani. Nilijaribu. Nilianza na Kamina, nikasema shule, nikasema mwalimu wangu, na nikaona haitoshi, lakini mama aliyetafutwa alikuwa ameshasimama, mtoto mgongoni, akijifuta mikono na kuuliza anatakiwa kusema neno gani.